Magunia Matano na Filamu Moja

Kitabu chenyewe hakijawahi kukaa pamoja na vitabu vingine. Tangu nipate akili kimekuwa juu ya kabati la vyombo, kimefungwa kwa mpira wa baiskeli uliokatwa, na kati ya kurasa zake mmejaa risiti za kiwanda cha kahawa. Jalada lake lilitoka zamani. Baba alikishonea jalada la gunia, kwa sindano ileile ya kushonea magunia ya kahawa, na juu yake akaandika kwa wino mzito neno moja: SHAMBA.

Jina la kitabu si hilo. Ni Out of Africa cha Karen Blixen, yule mama wa Kidenmaki aliyelima kahawa chini ya vilima vya Ngong kuanzia mwaka wa 1914 hadi 1931, akafilisika, akarudi kwao na kuandika. Kilitoka mwaka wa 1937. Lakini Baba hakuwa mbali. Blixen alipokiandika kwa lugha ya kwao alikipa jina ambalo kwa Kiswahili tungesema Shamba la Kiafrika, na siku nilipomletea Baba habari hiyo, miaka mingi baada ya kulishona lile gunia, alinyamaza kidogo kisha akasema, "Basi tulielewana."

Sisi ni watu wa Manyatta, upande wa Embu. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na hadi leo watu wote humwita Mwalimu, hata Mama. Kahawa aliilima alfajiri, jioni na Jumamosi. Kitabu alikinunua mwaka wa 1976, kando ya njia huko Nairobi, kwa mtu aliyekuwa ametandaza vitabu vikuukuu juu ya karatasi. Mwaka uliotangulia baridi kali ilikuwa imeiua kahawa ya Brazil, bei ikapanda dunia nzima, na mkulima wa Embu akaonja pesa ambazo hajazionja tena. Kwa pesa hizo Baba aliezeka nyumba kwa mabati, akanunua baiskeli, na akajinunulia kitabu kwa sababu alikifungua katikati akaona mtu anaeleza jinsi ya kupanda kahawa.

Ukikifungua leo utaona kwamba hakukisoma tu, alikilima. Pale Blixen anaposema kwamba ekari moja ilichukua miti 600, na kwamba alikuwa na ekari 600 za kahawa, pembeni pana hesabu ya penseli: 600 × 600 = 360,000. Chini yake: Sisi 380. Pale anapoeleza kwamba shamba lake lilikuwa juu ya futi 6,000 na kwamba kimo hicho kilizidi kidogo kwa kahawa, Baba ameandika: Kweli. Huku kwetu hapo ni chai. Na ndivyo ilivyo. Anayepanda kutoka mji wa Embu kuelekea msitu wa Mlima Kenya hupita kahawa, migomba na makadamia, kisha hewa hubadilika, ukungu hushuka, na mashamba yakawa majani chai matupu mpaka ukingo wa msitu. Blixen alitumia miaka 17 na mali ya jamaa zake kujifunza jambo ambalo mtoto wa kwetu hulijua kwa kutazama mlimani.

Mbele kidogo, penye habari za wachumaji, pana mstari uliopigwa mara mbili na maneno haya: Wanachuma. Hawaruhusiwi kupanda. Hapo ndipo Baba alipokuwa akisimama kila aliponisomea. Watu waliokuwa wakiishi katika ardhi ya Blixen walimlipa kwa siku za kazi kila mwaka ili wakae mahali ambapo wengine wao walizaliwa, na kahawa waliyoipalilia hawakuweza kuwa nayo wenyewe. Serikali ya kikoloni ilianza kuwaruhusu Waafrika kuipanda miaka ya 1930, kwa masharti na kwa miti ya kuhesabiwa, tena ilianza mbali na walowezi: Kisii, Meru, na huku Embu. Kahawa ilienea kwa watu hasa baada ya Mpango wa Swynnerton wa 1954. Kwa hiyo Baba alikisoma kitabu hicho kama mtu anayesoma habari za shamba la jirani tajiri aliyekuwa na kila kitu ila udongo unaofaa.

Alikipenda, na aligombana nacho. Alijua Ngũgĩ wa Thiong'o alivyokikemea, jinsi Blixen anavyomfananisha Mwafrika na mnyama kila baada ya kurasa chache huku akidhani anamsifu, na pembeni mwa kurasa hizo kuna maneno ambayo Mama hakutaka tuyasome tukiwa wadogo. Lakini alimpenda Kamante, yule kijana mwenye vidonda mguuni aliyetibiwa hospitali ya misheni ya Waskoti akaja kuwa mpishi hodari. Alipenda zaidi ile sehemu ya bunduki iliyofyatuka shambani ikaua mtoto na kumjeruhi mwingine, wazee wakakaa siku kwa siku kuamua fidia ya mifugo. Baba alikuwa mzee wa ukoo. Alisema hajaona mgeni mwingine aliyekaa chini akasikiliza kesi ya wazee mpaka mwisho, hata kama hakuelewa yote.

Filamu ya kitabu hicho ilitoka mwaka wa 1985. Mwezi wa Machi uliofuata ilipata tuzo saba za Oscar, ikiwemo ya filamu bora, na habari zikatufikia kwa redio. Baba aliganda na kikombe mkononi. Ilikuwa imepigwa hapa hapa Kenya. Aliamini, kwa moyo wote, kwamba mahali fulani Nairobi kuna kitambaa kikubwa ambacho juu yake kahawa inachanua maua meupe kama alivyosoma, Kamante anapika, na wazee wanaamua kesi. Sinema aliyokuwa ameiona ni ile ya Elsa, simba jike aliyezikwa katika mbuga ya Meru, iliyotoka mwaka wa 1966. Aliitazama uwanjani usiku, ikioneshwa kutoka kwenye lori, na haikumwangusha. Basi hakuona kwa nini hii imwangushe.

Hakwenda Nairobi. Mwaka huu ilikuwa karo, mwaka ule paa la zizi. Mwaka wa 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukigawa mauzo ya kahawa ulivunjika, bei ikaanguka, na huku kwetu watu wakaiacha kahawa yao ikafunikwa na magugu, kwa kuwa kuing'oa bila kibali kulikuwa kosa la sheria. Baba hakuiacha. Aliipogoa na kuipalilia kwa hasara, na alipoulizwa kwa nini, alisema yule mama wa Ngong angefurahi kuwa na ekari moja tu ya udongo huu.

Ndipo ikaja Jumamosi, tarehe 13 Novemba 1999.

Ilikuwa kilele cha msimu. Tulikuwa watu wanane shambani tangu umande haujakauka: sisi wa nyumbani, Cucu mzaa baba, na vibarua watatu. Kufikia saa saba mchana tulikuwa na magunia matano ya matunda mekundu yaliyoiva sawasawa, na Mama alikwisha kutandaza turubai ili tuanze kuchagua, maana karani wa kiwanda hapokei kahawa yenye mbichi, wala iliyokaukia mtini, wala yenye madoa meusi ya ugonjwa. Asiyejua kahawa ajue hili: tunda lililochumwa leo lazima limenywe leo. Likilala ndani ya gunia linapata joto, linaanza kuchacha, na harufu ya kuchacha huifuata punje mpaka kikombeni.

Kaka mkubwa, aliyekuwa akifanya kazi Nairobi, akatokea njiani na mashine ya video iliyofungwa kwa blanketi. Kanda alikuwa ameitia kifuani, ndani ya koti. Umeme ulikuwa haujafika kwetu, lakini alipopita sokoni alikuwa amekodi jenereta kwa mwenye banda la video, kwa masharti kwamba irudi saa kumi na mbili jioni kabla ya onyesho la usiku. Aliweka kanda mikononi mwa Baba bila kusema neno.

Mama alisema, "Mwalimu, kahawa kwanza. Kanda haiozi."

Baba alitazama magunia. Nilimwona akiyatazama. Kisha akasema, "Mama, nimeingoja miaka kumi na tatu. Ni muda mfupi tu, halafu sote tutachagua haraka."

Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba filamu hiyo ina dakika 161.

Televisheni yetu ilikuwa Great Wall ndogo, ya picha nyeusi na nyeupe, iliyozoea betri ya gari. Filamu iliyotuzwa kwa uzuri wa picha zake, kwa vilima na machweo na mbuga kama zilivyoonekana kutoka ndani ya ndege, sisi tuliiona kwa rangi ya majivu. Mapazia yalifungwa. Majirani walijaa hadi mlangoni. Cucu aliketi mbele kabisa juu ya kigoda, mikono yake bado ina utomvu wa matunda, na Baba akaketi nyuma yake ili amfasirie kwa Kiembu, kitabu kikiwa wazi magotini.

Jambo ninaloliona hadi leo nikifumba macho ni kidole chake. Kila tukio jipya lilipotokea kwenye kioo, kidole kilirudi kwenye kitabu, kikatafuta ukurasa, kikafunua, kikarudi nyuma, kikakosa. Harusi: hakuna ukurasa. Ugomvi na mume: hakuna ukurasa, kwa maana ndani ya kitabu mume yule hatajwi ila kidogo sana. Ugonjwa alioambukizwa na mume: hakuna. Kwa saa nzima na zaidi kidole kile kilihangaika kama mtu aliyepotea mtaa anaoufahamu. Kamante akapita na mguu wake, Baba akaruka, "Huyo! Ndiye huyo!" na kabla hajapata ukurasa Kamante alikuwa amekwisha kuondoka.

Cucu aliuliza, "Na kahawa iko wapi?"

"Inakuja," Baba alimjibu.

Ilikuja. Ilipandwa, ikapaliliwa, watu wakainama mistarini, muziki ukapanda, na picha ikahamia kwenye meza ya chakula yenye mishumaa. Cucu, ambaye ujana wake aliwahi kuchuma kahawa ya walowezi mbali na kwao, alisema kwa upole, "Shamba la huyu mama linajilima."

Kisha ikaja sehemu ile ambayo watu wengi wakisikia jina la filamu hii ndiyo wanayoikumbuka, Robert Redford akimwosha nywele Meryl Streep kandokando ya mto. Baba akasema kwa sauti, "Huu ni ukurasa gani?" Hakuna aliyejibu. Akauliza tena. Mama, bila kugeuka, akasema, "Nyamaza kidogo, Mwalimu." Sikuwahi kumsikia akimwambia Baba anyamaze mbele ya watu, na sijamsikia tena.

Petroli iliisha katikati. Kaka alikimbia sokoni, nusu saa ikapita, na hakuna aliyeondoka. Kijana aliyetumwa kuichukua jenereta alifika, akaambiwa asubiri kidogo, akaketi juu ya debe lililofudikizwa, naye akatekwa. Nje kulikuwa kunaanza kuwa giza. Magunia matano yalikuwa yamesimama palepale kwenye turubai.

Halafu kiwanda cha kahawa cha Blixen kikaungua. Katika filamu ni usiku, anaamshwa, anatoka na kuona moto, na kuanzia hapo kila kitu kinakwisha: shamba linauzwa, vyombo vinapigwa mnada, anaondoka. Baba alisimama. Alikuwa anatetemeka. "Sivyo!" alisema. "Shamba haliuawi na usiku mmoja! Ni baridi, ni ukame, ni nzige, ni bei! Ameandika mwenyewe!" Akainua kitabu juu ili wote waone, kana kwamba kwenye giza lile mtu angesoma. "Miaka na miaka! Kahawa inakuua polepole, wewe ukiwa unai..."

Akanyamaza, mkono ukiwa bado juu. Alikuwa ametazama mlangoni. "Kahawa yetu," akasema.

Tulichagua kwa mwanga wa taa ya chemni, vibaya, kwa mikono ya hofu. Jirani alituazima mkokoteni wa punda. Kiwandani tulifika saa mbili usiku. Karani alikuwa amefunga mzani na kuandika hesabu ya siku, mashine imekwisha kuoshwa, na hakuwa na kosa lolote. Hata Baba hakumlaumu. Tulirudi nayo. Kesho yake ilikuwa Jumapili. Jumatatu Baba alitia mkono ndani ya gunia la kwanza mpaka kwenye kiwiko, akautoa, akaushika kwa mkono mwingine kama anayeshika kilichoungua. Harufu ilikuwa ya pombe. Kiwandani walinusa wakatikisa kichwa, tukaambiwa tuikaushe nyumbani iwe mbuni.

Mbuni ni tunda la kahawa lililokaushwa na ganda lake, na bei yake ni ya kusikitisha. Kuikausha Novemba, mvua za vuli zikiwa juu, ni kazi ya kuvunja mtu. Tulianika juu ya mabati makuukuu. Wingu likitokea juu ya mlima, yeyote aliye karibu hupiga ukelele na wote huacha walichoshika kuiingiza ndani. Kwa wiki tatu tuliitoa na kuiingiza, tukaigeuza kwa mikono, tukafukuza kuku, tukatenga zilizoota ukungu. Magunia matano yakawa mawili kasoro. Mkopo wa karo ulipimwa kwa kilo ulizopeleka kiwandani, nasi kilo za siku ile, siku kubwa kuliko zote za msimu, hazikuwepo kwenye kadi. Baba aliuza mtamba ambaye Cucu alikuwa amempa jina. Mimi niliingia kidato cha kwanza kwa kuchelewa wiki mbili.

Hapo ndipo vita vya nyumba yetu vilipoanza, na havikuwa juu ya kahawa. Kuhusu kahawa Mama hakusema kitu, na ukimya huo ulimuumiza Baba kuliko maneno. Vita vilikuwa juu ya filamu. Baba alisema imemdhulumu. Mama, ambaye hakutaka iangaliwe siku ile, alisema ni nzuri kuliko kitu chochote alichowahi kuona, na alimwomba Kaka amwachie kanda.

Nilikuwa mtu mzima nilipomuuliza sababu. Tulikuwa tunamenya nduma jikoni. Akaniambia, "Baba yako alikuwa shuleni Jumatatu mpaka Ijumaa. Nani aliyekuwa na vibarua? Nani aliyesimama mbele ya mzani? Mle ndani ya filamu nilimwona mwanamke ambaye mume hayupo na kahawa ipo. Anatoka asubuhi na kofia yake. Kwenye kitabu cha baba yako mwanamke huyo hasemi kwamba amechoka." Kisha akaongeza, "Na kuoshwa nywele. Nani aliwahi kuniosha nywele?"

Nimelifikiria jibu hilo kuliko makala yoyote ya wahakiki niliyowahi kusoma. Ana haki. Blixen alificha mengi ndani ya kitabu chake. Alimficha mume, akayaficha maradhi, na mapenzi yake na Denys Finch Hatton aliyavika urafiki. Waliotengeneza filamu, mwelekezi Sydney Pollack na mwandishi wake Kurt Luedtke, waliyatafuta nje, kwenye wasifu ulioandikwa na Judith Thurman mwaka wa 1982 na kwenye kitabu cha Errol Trzebinski kuhusu Finch Hatton. Ndiyo maana kidole cha Baba hakikupata kurasa: nusu ya filamu haimo katika kitabu kile. Walimrudishia mwanamke uchungu wake, na Mama akaupokea kwa mikono miwili.

Lakini ili upatikane muda wa uchungu huo ilibidi kitu kitolewe, na kilichotolewa ni kazi. Wazee na kesi yao hawamo. Lulu, yule paa mdogo mwenye kengele shingoni aliyelelewa nyumbani, hayumo. Kamante, mwenye sehemu nzima ya kitabu, amebaki mtu wa kupita na sinia. Moto ulitokea kweli, lakini mwaka wa 1923, miaka minane kabla Blixen hajaondoka. Miaka minane ya kuamka, kupalilia na kuandika barua za kuomba pesa, na filamu imeifuta ili huzuni iwe ya usiku mmoja. Walileta simba wa kufugwa kutoka California ili mbuga ionekane mbuga. Finch Hatton, Mwingereza wa ukoo wa kilodi, akapewa Redford azungumze Kimarekani chake. Hayo ningeyasamehe. Ninachoshindwa kusamehe ni kwamba watu wa kwetu tumo ndani ya kitabu kile kwa mlango mmoja tu, mlango wa kazi. Blixen hakutualika sebuleni. Alituona tukichuma, tukipika, tukihukumu, tukichunga. Ukiiondoa kazi, unakuwa umetuondoa sisi, na kinachobaki ni vilima vizuri na wageni wawili wanaopendana juu yake.

Kitabu, hata kinapokukosea, kina pembe. Baba alimjibu Blixen kwa penseli miaka 23, ukurasa kwa ukurasa, akamsahihisha kimo na nafasi ya miti, akamkemea, akampongeza. Filamu iliyokuja sebuleni kwake haikuwa na mahali pa penseli. Ilipita mbele yake kama matatu iliyojaa.

Nafundisha Kiswahili sekondari sasa, na naliona jambo hili kila mwaka. Vikundi vya maigizo huzunguka shule na michezo iliyotolewa katika vitabu teule, na wanafunzi hufurahi, nami hufurahi nao. Lakini mtihani ukija naona wengine wameandika juu ya kilichochezwa jukwaani, na mhusika aliyekatwa kwa sababu kikundi kilikuwa na watu sita tu, kwao hakuwahi kuzaliwa. Huwa nawapa penseli kabla ya mchezo, nawaambia waandike pembeni mwa vitabu vyao kila wanachotarajia kukiona. Tukirudi darasani tunahesabu waliopotea.

Mwaka wa 2012 nilikuwa natafuta risiti moja ndani ya kitabu cha Baba. Kwenye ukurasa wa mwisho kabisa, usio na chapa, pana safu ya tarehe na kilo, msimu kwa msimu, kwa mwandiko wake ulionyooka. Katikati ya safu kuna mstari huu: 13/11/1999. Kilo 0. Kosa ni langu. Sikumwambia nimeuona. Nilimwambia Mama, naye akasema, "Alinionyesha usiku uleule."

Umeme ulifika. Cucu alitutoka. Mashine ya video iliharibika, na Kaka akaleta televisheni bapa ya ukutani na filamu ileile kwenye kijiti cha kumbukumbu, ili Mama aione kwa rangi. Kila alipoiweka, Baba alitoka kwenda shambani na kurudi baada ya mnada.

Novemba iliyopita nilikuwa nyumbani. Tulipeleka kahawa mapema, kilo 94, maana miti aliyobaki nayo ni michache na miguu yake imechoka. Risiti ilikuwa mezani. Mama akawasha filamu, na Baba, badala ya kutoka, akaketi. Labda ni magoti. Alikishusha kitabu kutoka juu ya kabati lakini hakukifungua. Wakati watu walipoinama katika mistari ya kahawa, akasema, "Hapo. Je, inaweza kusimama?"

Mama alibonyeza rimoti. Picha ikasimama. Baba aliinuka, akasogea mpaka pua ikakaribia kioo, na kwa kidole akaanza kupima nafasi kati ya mti na mti, mti na mti. Kisha kidole kikahamia kwa watu: mwanamke mwenye leso kichwani, mwanamume aliyegeuza mgongo, kijana.

"Hawa walikuwa watu wa wapi?" akauliza.

"Sijui, Mwalimu. Walikuwa watu wa kuigiza."

"Huyu haigizi. Tazama anavyokishika kitawi."

Mama akatazama. Wakakaa hivyo muda. Kisha akaweka rimoti juu ya kitabu, karibu na mkono wa Baba, akaenda jikoni kuteleka chai, akamwachia picha hapo ilipo.